Mwaka wa Kwanza wa Masomo Ujerumani: Mwongozo Kamili wa Kupata Watu Wako

Kila Januari ujumbe ninaoupokea ni uleule. Kijana alifika Oktoba, masomo anayamudu, chumba anacho, lakini akishikwa na homa usiku hana mtu wa kumgongea mlango. Anauliza: "Dada, hivi hawa watu wana roho gani?" Huu ni mwaka wangu wa saba Leipzig. Swali hilo nimelijibu vipande vipande mara nyingi, na naona wengi wanakwama palepale, kwa hiyo leo nimelipanga lote mahali pamoja.

Wanakwama kwa sababu wanasubiri kukaribishwa. Kwetu ukihamia Mwananyamala au Kisauni, mabegi hujayafungua ameshakuja mama wa jirani kukujulia hali, na wanawe wameshalijua jina lako. Ujerumani jirani akikuona umehamia, anakuacha upumzike. Kwake hiyo ndiyo heshima. Wewe ndani unahesabu siku, yeye upande wa pili wa ukuta anaamini amekutendea wema. Kule anayepiga hodi ni mgeni, na hodi yenyewe ina tarehe na saa.

Mifano mingi ni ya Leipzig kwa sababu ndiko ninakoishi. Ukiwa Göttingen, Köln au Bayreuth, mambo ni yaleyale.

## Andaa haya kabla ya kupanda ndege

- Pasipoti, barua ya chuo, cheti cha kuzaliwa na vyeti vya shule. Beba vyenyewe na nakala zake, kwenye begi la mkononi.
- Ushahidi wa fedha. Asiye na ufadhili hufungua akaunti maalumu iitwayo Sperrkonto na kuweka euro 11,904 za mwaka, kisha akaunti humtolea 992 kila mwezi. Kiwango hicho kilianza Septemba 2024 na huwa kinapandishwa, kwa hiyo hakiki ubalozini kabla ya kutuma.
- Kijerumani cha daraja la A2 angalau (la pili kati ya madaraja sita), hata kama kozi yako inafundishwa kwa Kiingereza. Darasani mtaelewana. Utakwama jikoni, kwenye mazoezi ya kwaya na kwenye dirisha la ofisi ya jiji. Goethe-Institut ipo Dar es Salaam na Nairobi. Anza miezi sita kabla ya safari.
- Koti zito. La mitumba kutoka Karume au Gikomba linafaa kabisa. Viatu visivyopitisha maji nunua kulekule.
- Zawadi ndogo: kahawa ya Kagera au Kilimanjaro, majani ya chai, iliki, karafuu, khanga tatu au nne. Utazihitaji katika hatua ya 5. Samli, nyama na jibini acha nyumbani, hata kama mama amekuandalia kwa upendo. Umoja wa Ulaya hauruhusu abiria kuingiza nyama na vitu vya maziwa kutoka kwetu, na forodha watavichukua.
- Msukumio wa chapati.
- Faili gumu la kupangia karatasi na kalenda ya simu unayoitazama kila asubuhi.

## Hatua ya 1: Maliza makaratasi ndani ya wiki mbili

Sheria inakupa siku 14 tangu uhamie kuandikisha anwani yako katika ofisi ya jiji. Huko kujiandikisha kunaitwa Anmeldung. Nenda na pasipoti, fomu, na karatasi ya mwenye nyumba inayothibitisha kwamba unaishi kwake, Wohnungsgeberbestätigung. Bila hiyo ya tatu utarudishwa, kwa hiyo iombe siku ileile unayokabidhiwa ufunguo. Miadi ya ofisi hii huwa ya foleni ndefu mwezi wa Oktoba, hivyo itafute mtandaoni hata kabla hujasafiri.

Siku hiyohiyo bandika jina lako kwenye sanduku la barua na kwenye kengele ya mlango. Katika nyumba nyingi za kule tarishi hatafuti namba ya chumba, anatafuta jina. Kadi ya benki, kadi ya bima, namba ya mlipakodi, vyote huja kwa barua. Mimi nilikaa wiki tano bila kadi ya bima kwa sababu sanduku lilikuwa bado na jina la mpangaji aliyehama, na barua zangu zilikuwa zikirudi zilikotoka.

Itakufikia pia barua ya ada ya redio na televisheni, euro 18.36 kwa mwezi. Si utapeli, na kusema huna televisheni hakukuokoi. Ila ada hiyo hulipwa kwa nyumba, si kwa kichwa: mkiwa wanne nyumba moja, mmoja analipa na wenzake wanamchangia.

Tahadhari. Bima ya umma kwa bei ya mwanafunzi inaishia ukifikisha miaka 30. Unayekuja kusoma shahada ya uzamili ukiwa na miaka 31 au 34, ulizia bima yako mapema, kwa maandishi, kabla ya viza. Pili, usitume pesa ya dhamana kwa chumba ambacho wewe au mtu unayemwamini hajakiona. Mwenye nyumba anayesema yuko nje ya nchi na atakutumia ufunguo kwa posta ni tapeli. Dhamana halali haizidi kodi ya miezi mitatu, bila kuhesabu gharama za joto na maji. Tatu, miadi ya kibali cha ukaazi iombe miezi miwili au mitatu kabla viza haijaisha.

Kwa nini naanza na makaratasi wakati tunazungumzia watu? Kwa sababu mtu mwenye barua ya ofisi ya wageni mfukoni hawezi kukaa mezani akacheka. Nimekaa na wengi wa namna hiyo. Mwili upo, akili iko kwenye foleni.

Umefaulu ukikuta kadi ya bima yenye picha yako ndani ya sanduku lenye jina lako. Kabla hujafunga hatua hii, ingiza namba tatu kwenye simu: 112 ya gari la wagonjwa na zimamoto, 110 ya polisi, na 116117 ya daktari wa zamu usiku na mwisho wa wiki, pale unapoumwa lakini si wa kufa. Homa ya usiku unaoogopa inaanza kutibiwa na namba hiyo ya tatu.

## Hatua ya 2: Tafuta nyumba yenye jiko la pamoja

Chumba chenye jiko lake na choo chake kinavutia, hasa kama umetoka bweni la watu wanane. Mwaka wa kwanza kikwepe ukiweza. Jiko ni mahali pekee katika nyumba ya Kijerumani ambapo watu huongea bila miadi. Mwenzako anasubiri maji yachemke, nawe unakata vitunguu. Dakika nne zinapatikana, na kesho nyingine nne.

Hosteli za wanafunzi husimamiwa na Studierendenwerk, shirika la huduma za wanafunzi, ni za bei nafuu, na foleni yake yaweza kuchukua muhula mzima au zaidi. Omba siku ileile unayopata barua ya chuo. Njia nyingine ni WG, nyumba ambayo wapangaji wanagawana vyumba, jiko na bafu. Hapo wakazi ndio wanaochagua mwenzao. Watakuita mzungumze, mara nyingi kwa video kama bado uko nyumbani.

Ujumbe wako wa kuomba chumba usiwe barua ya kazi. Waombaji wetu wengi huorodhesha vyeti na maksi, na hawajibiwi. Wakazi wanataka kujua kama wataweza kuishi nawe: unaamka saa ngapi, unapika nini, unacheza nini, unapenda kelele au utulivu. Andika mistari kumi, taja kitu kimoja walichokisema wao kwenye tangazo, na weka picha yako ya kawaida.

Uliza waziwazi kama huwa wanakula pamoja. Kuna nyumba za kugawana kodi tu, ambako kila mtu hufunga mlango wake. Wenyewe huziita Zweck-WG, na hawaoni haya kukuambia.

Ukishaingia, zamu ya usafi iliyobandikwa kwenye friji ni kama mkataba. Takataka hutenganishwa: karatasi, vifungashio vya plastiki, mabaki ya chakula, na zilizobaki. Fungua dirisha wazi kabisa dakika chache asubuhi na jioni hata kukiwa na theluji, la sivyo ukuta utaota ukungu na utadaiwa. Nimeona urafiki mwingi ukifia kwenye sufuria iliyolala siku tatu bila kuoshwa kuliko kwenye tofauti ya dini au siasa.

Umefaulu ukirudi jioni na mtu akakuuliza jikoni siku yako ilikwendaje, halafu akangoja jibu.

## Hatua ya 3: Jifunze saa yao na salamu yao

Hapa nikae kidogo, kwa sababu ndipo mimi mwenyewe nilipoumia.

Mwezi wangu wa pili mwanafunzi mwenzangu alinialika chakula cha jioni "um halb sieben". Nikasikia saba na nusu. Maana yake ni nusu ya kuielekea saba, yaani 18:30, ambayo kwetu ni saa kumi na mbili na nusu jioni. Nilifika saa moja na nusu, nikiwa na maua mkononi na nimejipongeza kwa kuwahi. Wote walikuwa wameshakula. Hakuna aliyenigombeza, na sikualikwa tena nyumba ile. Kwa hiyo shika kanuni: "halb" inapunguza nusu saa, haiongezi. "Halb drei" ni saa nane na nusu mchana.

Kwenye ratiba ya chuo utakuta herufi c.t. na s.t. Kipindi cha 10 c.t. huanza 10:15, saa nne na robo. Cha 10 s.t. huanza saa nne kamili. Robo saa hiyo ni ya darasani tu. Usiihamishie kwenye chakula, mazoezi au miadi ya daktari.

Ukichelewa hata dakika tano, tuma ujumbe kabla saa haijafika. Kwao kinachouma zaidi ni kuachwa bila taarifa. Ukisema "nitakuja" ukaacha kuja, hawatakuuliza sababu, watakufuta taratibu. Kwetu "Inshallah" au "tutaonana tu" ni njia ya upole ya kukataa. Kule sema "siwezi", na uongeze siku nyingine unayoweza. Hakuna atakayeumia.

Salamu ni fupi. Usitarajie habari za nyumbani, za watoto, za tangu juzi. Lakini usiiruke: ukiingia chumba cha kusubiri cha daktari, ukipanda ngazi na jirani, sema "Guten Tag" au "Hallo", hata kwa wageni kabisa. Wanafunzi wenzako waite "du", "wewe" ya kawaida, tangu siku ya kwanza. Mhadhiri, karani na bibi wa ghorofa ya chini ni "Sie", "wewe" ya heshima, mpaka wao wenyewe wakuruhusu.

Jambo dogo linalokosewa sana ni siku ya kuzaliwa. Usimpongeze mtu kabla ya siku yenyewe, huonekana ni mkosi. Na siku yako ikifika, keki unaleta wewe.

Umefaulu ukianza kuletewa tarehe za wiki tatu mbele na huoni ajabu tena.

## Hatua ya 4: Chagua mahali pawili, uende wiki kumi mfululizo

Kama ni kusoma hatua moja tu ya mwongozo huu, soma hii.

Wajerumani hawana baraza wala kijiwe cha kahawa ambapo unakaa tu ukawa mtu wa mtaa. Walicho nacho ni Verein, chama. Watu saba wanatosha kusajili kimoja, ndiyo maana kuna cha kila kitu: kwaya, kupanda miamba, ufugaji nyuki, mpira wa meza, zimamoto wa kujitolea, bustani. Urafiki kule hupitia kwenye shughuli. Mtu hakuzoei kwa kuongea nawe, anakuzoea kwa kukuona ukifanya kitu kilekile kando yake, wiki baada ya wiki, na baadaye maneno yanajileta.

Chagua hivi. Mahali pa kwanza pawe pa mwili au mikono: michezo ya chuo, iitwayo Hochschulsport, kwaya, karakana ya baiskeli. Usipoelewa lugha, miguu inaelewa. Mahali pa pili pawe pa maneno au imani: kahawa ya lugha, yaani kikao cha kujizoeza kuongea, chama cha wanafunzi Waislamu, jumuiya ya wanafunzi ya kanisa, ambayo kwa Walutheri huitwa ESG na kwa Wakatoliki KHG. Hizi jumuiya za kanisa zimezoea wanafunzi wa kigeni, na nyingi hazikuulizi dini mlangoni.

Pawili tu. Kila Oktoba namwona kijana aliyejiandikisha mahali sita; Novemba hayupo hata mahali pamoja.

Jiandikishe hivi. Kozi za michezo za chuo ni za bei rahisi mno na hujaa ndani ya dakika chache. Tafuta siku na saa ya kufunguliwa, tengeneza akaunti siku moja kabla, ingia robo saa mapema, uwe na namba ya benki mkononi. Ukikosa mpira wa wavu chukua badminton. Mchezo wenyewe si hoja sana.

Yatakayotokea. Wiki tatu za kwanza huenda hakuna atakayekuuliza jina. Najua inavyouma. Nilirudi nyumbani nikilia baada ya mazoezi yangu ya tatu ya kwaya, kwa sababu walikuwa wameimba saa mbili pembeni yangu na kuondoka kwa "Tschüss" moja, kwaheri tu. Hiyo ndiyo wiki ambayo wengi huacha. Mimi nilirudi kwa kuwa nilikuwa nimeshalipa. Wiki ya tano mama mmoja wa sauti ya pili alinishikia nafasi ya kukaa. Wiki ya tisa alinipa lifti.

Ongeza haya mawili. La kwanza, baki baada ya shughuli. Mazungumzo yote ya maana hufanyika viti vikishakunjwa. Mtu akiuliza "Kommst du noch mit?", unakuja nasi, jibu ni ndiyo hata kama umechoka. Usiyetumia pombe agiza Apfelschorle, maji ya tofaa yenye gesi, hakuna atakayekuhoji. Kila mtu hujilipia mwenyewe, kwa hiyo usione umedharauliwa bili ikigawanywa hadi senti, na usijitutumue kulipia meza nzima.

La pili, chukua kazi ndogo. Panga viti, fungua mlango, oka kitu siku ya sherehe. Mtu mwenye kazi kwenye chama si mgeni tena, maana asipokuja kuna kitu hakitafanyika.

Angalia pia saa zako za kazi ya kulipwa. Tangu Machi 2024 mwanafunzi kutoka nje ya Umoja wa Ulaya anaruhusiwa siku nzima 140 au nusu siku 280 kwa mwaka. Ukizijaza zote na zamu za jioni, mazoezi utayasikia kwa wenzako.

Umefaulu siku utakayokosa na mtu akakutumia ujumbe kuuliza kama uko salama.

## Hatua ya 5: Alika wewe kwanza, kwa chakula chetu

Usingoje zamu yao. Wiki ya nane hivi, chagua watu wanne: wawili wa nyumba unayoishi, mmoja wa darasani, mmoja wa mazoezini.

1. Taja tarehe wiki mbili kabla, na saa kamili. Akikuambia ataangalia kalenda, anakwenda kuiangalia kweli, si kukukwepa.
2. Uliza nani hali nyama, nani hanywi maziwa, nani ana mzio. Watakuwapo.
3. Pika wali wa nazi, maharage ya nazi na chapati zilizopikwa kwa mafuta ya kula. Hapo hata asiyegusa kitu chochote cha mnyama anakula kila sahani, na hukulazimika kumpikia pembeni. Nazi ya kopo utaipata duka la Waasia. Unga mweupe wa ugali upo maduka ya Waafrika. Ukiukosa, polenta husaidia, ingawa ni ya njano na chengachenga.
4. Wakiuliza walete nini, usiseme "njoo tu". Sema kinywaji, au saladi. Mtu aliyebeba kitu huingia akiwa huru zaidi.
5. Mwachie mgeni asukume chapati. Huo msukumio uliobeba kutoka nyumbani kazi yake ndiyo hii. Chapati yenye umbo la ramani ya nchi isiyojulikana huleta kicheko kuliko mada yoyote utakayoiandaa.

Tahadhari. Kikaango cha chapati kinaamsha kengele ya moshi. Fungua dirisha, funga mlango wa korido. Katika baadhi ya hosteli kengele imeunganishwa na zimamoto, wakija bure waweza kudaiwa gharama. Kuanzia 22:00, saa nne usiku, punguza sauti. Jumapili ni kutwa nzima. Siku mbili kabla, bandika karatasi kwenye ngazi ukiwaomba radhi majirani na kuandika jina lako. Jirani mmoja aliwahi kuniandikia chini ya karatasi yangu: harufu nzuri, mnapika nini? Nilimpelekea sahani, na mwaka uliofuata alikuwa mezani.

Usijipime kwa kualikwa haraka. Jibu la mwaliko wako laweza kuja baada ya mwezi au miwili. Likija, fika kwa wakati, vua viatu ukiona wenyeji wamevua, na hapo ndipo pakiti yako ya kahawa ya Kagera inapotoka begini.

## Hatua ya 6: Tumia Kiswahili kama mlango

Wengi hawajui kwamba wana kitu kinachotafutwa. Kiswahili kinafundishwa Leipzig, Bayreuth, Hamburg, Köln na Humboldt ya Berlin. Katika kila darasa kuna mwanafunzi Mjerumani anayehangaika na ngeli na hana wa kuongea naye. Andika kwa idara, jitolee kwa mazungumzo ya kubadilishana: nusu saa Kiswahili, nusu saa Kijerumani, siku moja ya wiki, mahali pamoja. Usimfundishe sarufi, mpigie hadithi tu.

Angalia pia kama mji wako una udugu na mji wa kwetu. Würzburg na Mwanza ni ndugu tangu 1966, Hamburg na Dar es Salaam tangu 2010, Tübingen na Moshi nao wamo. Parokia nyingi za Kilutheri zina ushirika na dayosisi za Tanzania, na humo mna wazee waliowahi kuishi Machame au Bukoba watakaokusalimu "Shikamoo" kabla hujawavulia kofia. Usiwakwepe.

Na watu wa kwetu? Jiunge na jumuiya ya Watanzania, Wakenya au Wakongo wa mji wako mapema, ulipe mchango, ukafike kwenye sherehe ya Uhuru au Jamhuri mwezi wa Desemba. Msiba ukikufika ugenini, au mwili ukihitaji kurudishwa nyumbani, ni hao watakaokesha nawe. Anayejitokeza siku ya msiba wake tu huona aibu kubwa, nami nimeiona aibu hiyo usoni mwa mtu.

Lakini usiishi humo pekee. Ukiona mwezi umepita na hujaongea Kijerumani nje ya duka, rudi hatua ya 4.

## Pale ambapo si ukimya, ni ubaguzi

Ukimya kwenye tramu ni desturi yao. Kutukanwa, kufuatwa, kunyimwa chumba mara jina lako linaposomwa, hizo si desturi. Usijilazimishe kuvitafsiri kwa upole. Andika tarehe, mahali, maneno yaliyosemwa na nani aliona. Ukiwa hatarini piga 110. Vyuo vingi vina mshauri wa mambo haya, na Leipzig kuna Antidiskriminierungsbüro Sachsen, ofisi ya kupinga ubaguzi, inayosaidia kwa ushauri. Siku hiyo usilale peke yako na jambo hilo. Mweleze mtu wa jikoni. Wenyeji wengi hawajui yanayotupata mpaka tuyaseme, na nimewaona wakikasirika kwa niaba yangu kuliko nilivyokasirika mimi.

## Hatua ya 7: Panga majira ya baridi kabla hayajafika

Desemba Leipzig jua huchomoza baada ya saa mbili asubuhi na kuzama saa kumi jioni hivi. Mtu aliyezaliwa karibu na ikweta, aliyezoea mchana wa saa kumi na mbili mwaka mzima, mwili wake unashtuka. Toka nje kila siku saa sita mchana, hata nusu saa, hata kukiwa na mawingu.

Simu ya nyumbani ipangie siku. Jumapili ya mwisho ya Oktoba saa za Ulaya hurudi nyuma, ndipo Dar es Salaam na Nairobi zinapokuwa mbele kwa saa mbili badala ya moja. Bujumbura, Kigali na Lubumbashi kwa saa moja. Ukipiga kila usiku kwa saa tatu utakuwa bado unaishi kwenu, na mama atakuwa anaumia kwa mambo ambayo hawezi kuyasaidia. Mara mbili kwa wiki, kwa saa maalumu, inamtuliza yeye zaidi kuliko wewe.

Kisha Krismasi. Chuo kinabaki tupu. Maduka hufungwa mchana wa tarehe 24 na hayafunguliwi tarehe 25 na 26. Hizi ndizo siku tatu zinazovunja wanafunzi wetu. Kuanzia mwanzoni mwa Novemba sema wazi, kwaya, jikoni, darasani: "Krismasi nitakuwa hapa." Usiseme kwa huzuni, sema kama taarifa. Wao hudhani kila mtu ana pa kwenda. Wakishajua, mmoja wao atakuita. Jumuiya za wanafunzi za makanisa nazo mara nyingi huandaa meza kwa waliobaki.

Ukiona wiki mbili zimepita hutaki kuamka, huli, hufungui barua, nenda kwenye ushauri wa kisaikolojia wa Studierendenwerk. Hawaandiki chuoni, hawamwambii mfadhili. Kwenda huko si wazimu, ni kama kwenda kupima malaria.

## Hatua ya 8: Pokea ufunguo

Machi au Aprili, miti inapoanza kuchipua, jirani au mwenzako wa nyumba atakugongea. Anasafiri wiki mbili. Atakuuliza, kwa sauti ya mtu anayeomba jambo kubwa, kama unaweza kumwagilia maua yake na kuchukua barua zake. Kwa Mjerumani ufunguo wa nyumba haupewi mtu wa kupita.

Kubali. Muulize lipi linataka maji mengi na lipi likiloweshwa linaoza, uandike. Barua zipange mezani kwa tarehe. Siku ya kurudi kwake mwachie mkate na maziwa kwenye friji, maana akifika Jumapili maduka yamefungwa.